Lapi imekataa waifai baada ya apdeti? Usitoe doh kwa fundi kabla ucheki hizi vitu

Umeiacha lapi usiku ikiwa fiti kabisa. Umecheki muvi, umefunga, umelala. Asubuhi unaiwasha inakuonyesha kale kaduara kanazunguka na maandishi ya kukuambia iko kwa apdeti, usiizime. Sawa, unaweka chai jikoni ukingoja. Inamaliza, inafunguka, kila kitu kinakaa poa, mpaka utake kuingia mtandaoni ndio unagundua ile alama ya waifai imehepa. Si ati imekataa kushika. Haiko, kama haijawahi kuwa.

Hii ngori ilimpata mdogo wangu Alhamisi moja, na kesho yake saa tano alikuwa na intaviu ya kazi kwa video. Akakimbia nayo tao kwa fundi. Fundi akaicheki dakika mbili hivi, akasema kadi ya waifai imechomeka, ni thao mbili na nusu, na akiwa hapo afadhali aifomati ndio iwe safi. Mle ndani kulikuwa na projekti yake ya chuo, vyeti alivyoskani, picha za mazishi ya guka yetu. Kopi ingine? Hakuna. Bahati alinipigia kabla aseme ndiyo.

Kadi haikuwa imechomeka. Ilikuwa draiva. Na kwa sababu najua kuna mtu anasoma hii kwa simu saa hii huku lapi yake imenyamaza kando yake, wacha nikuchanue polepole.

Kwanza, draiva ni nini? Jina linachanganya, kwa sababu kwa hii matatu draiva si dere. Ni konda. Windows ndio dere, iko mbele, haioni nani ameketi wapi wala nani anashukia Roysambu. Waifai, spika, kamera, kibodi na printa ndio abiria, na kila mmoja anabonga lugha yake. Konda ndiye anaelewa pande zote mbili, akigonga bodi dere anajua asimame. Ukiondoa konda, gari ni nzima na abiria ni wazima, lakini hakuna kitu inaenda. Ndio maana kadi nzima kabisa inaweza kukaa ni kama imededi.

Sasa apdeti inaharibu aje? Microsoft hutoa apdeti kubwa ya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi, asubuhi ya huko kwao. Kwa saa zetu hiyo ni saa mbili ama saa tatu usiku, kwa hivyo wengi wetu huipata Jumatano. Kuanzia hapo, mambo matatu hutokea sana. Moja, Windows inaweza kutoa draiva uliyokuwa nayo kutoka kwa kampuni iliyotengeneza lapi, ikaweka ingine inayodhani ni mpya zaidi, na hiyo mpya haielewani na kadi yako. Mbili, Windows yenyewe inabadilika huko ndani, draiva ya zamani inajikuta kwa nyumba imebadilishwa kufuli. Tatu, na hii ni ya hapa kwetu kabisa, stima inapotea apdeti ikiwa katikati na betri ya lapi iliisha nguvu mwaka juzi. Inabaki nusu nusu.

Halafu kuna sisi wa ex-UK. Tusidanganyane, lapi nyingi hapa Kenya ziliwahi kukaa kwa ofisi ya mtu Uingereza kabla zifike Luthuli Avenue. Ni mashine poa sana kwa bei yake. Lakini Windows 10 iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, na watu wengi wakakimbilia Windows 11 hata kwa mashine ambazo Microsoft haizikubali. Kwa upande wa Intel, Windows 11 inataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Kitu kama EliteBook 840 G3 iko na kizazi cha 6. Kuna njia ya kuilazimisha iingie, na itaingia, lakini kampuni haikukaa chini kukutengenezea draiva za hiyo ndoa. Kama lapi yako iko hivi, usishangae ikikusumbua kila apdeti.

Haya, kazi. Tuanze na kitu ya bure ambayo mafundi wengi hawatakuambia: zima kiukweli. Ukibonyeza kuzima kawaida, Windows mara nyingi haizimi kabisa. Inahifadhi sehemu yake ya ndani ili kesho iwake haraka, na draiva iliyochanganyikiwa inahifadhiwa hivyo hivyo ikiwa imechanganyikiwa. Chagua "Restart", maana hiyo ndiyo inaanza upya kila kitu. Kama haijasaidia, izime, chomoa chaja, kama betri inatoka itoe, halafu finya kitufe cha kuwasha na ukishikilie kama sekunde 30. Unatoa umeme uliobaki ndani. Inasikika kama uchawi wa mtaa, najua, lakini kadi za waifai zilizogandishwa huamka na hii kitu. Na kabla uendelee, hakikisha hukufinya kile kitufe cha ndege kwa kibodi. Nimewahi kukaa nusu saa nikitafuta draiva kumbe ni ndege. Sitaki kuongelea.

Bado? Sasa twende ndani. Finya kitufe cha Windows pamoja na herufi X, chagua "Device Manager". Hapo ndio rejista ya abiria wote. Tafuta yule aliye na kapembe tatu ka manjano. Waifai iko chini ya "Network adapters", sauti iko chini ya "Sound, video and game controllers", skrini iko chini ya "Display adapters". Bonyeza mara mbili kwa huyo mwenye manjano usome namba ya kosa, kwa sababu hiyo namba ndiyo inakuambia ukweli ambao fundi wa dakika mbili hawezi kukuambia.

Namba 28 ni rahisi: draiva haipo, weka. Namba 22, mtu aliizima kwa mkono, bonyeza "Enable" na maisha yaendelee. Namba 10 ni kwamba draiva ipo lakini kifaa kimekataa kuanza, na baada ya apdeti hii ndiyo utakutana nayo sana. Namba 43 ndio ya kukaa nayo macho. Inamaanisha kifaa chenyewe kimeripoti shida na Windows ikakisimamisha. Inaweza kuwa draiva, inaweza kuwa kweli chuma kimeharibika. Usilie bado.

Kama kifaa hakionekani popote kwa orodha, enda juu kwa "View", chagua "Show hidden devices". Kikitokea na rangi ya kufifia, Windows inakikumbuka lakini saa hii haikioni. Rudia ile ya sekunde 30.

Dawa ya kwanza ni kurudi nyuma. Kwa hilo dirisha dogo la kifaa kuna sehemu ya "Driver", na ndani yake kuna "Roll Back Driver". Ukiweza kuibonyeza, umebahatika. Windows iliweka ile draiva ya zamani pembeni na inaweza kuirudisha. Inakuuliza sababu, chagua yoyote, zima na kuwasha. Ile ya mdogo wangu ilirudi na hii tu. Dakika nne, nikiwa kwa simu, yeye akiwa amesimama nje ya duka la fundi ameweka lapi juu ya ngazi.

Lakini mara nyingi hicho kitufe kinakuwa kimefifia, hakibonyezeki. Hapo hakuna ya zamani iliyohifadhiwa. Sasa chagua "Uninstall device", na kama kuna kisanduku cha kuuliza kama itoe pia draiva yenyewe, weka tiki, halafu restati. Windows ikiamka inaona kifaa kisicho na konda, inatafuta mmoja. Wakati mwingine inapata anayefaa, wakati mwingine inarudisha yule yule msumbufu kwa sababu ndiye anaongoza foleni. Usiweke hiyo tiki kama hauna njia ingine ya kupata intaneti. Umesikia? Ukitoa draiva ya waifai na Windows haina ingine, umebaki kisiwani.

Na hapo ndio swali la kila mtu huingia: nitapakua aje draiva ya waifai na sina waifai? Simu. Chomeka simu ya Android kwa lapi na ile waya ya kuchaji, ile inayobeba data, si ile ya soo moja ya kwa stage. Ingia kwa mipangilio ya hotspoti, washa "USB tethering". Lapi itaiona simu kama waya wa intaneti, na mara nyingi haihitaji kuweka kitu chochote. Kama uko na iPhone itataka programu za Apple kwanza, kwa hivyo omba jirani. Angalia tu bando. Lapi ikipata intaneti inaweza kuanza kumeza apdeti zingine kimya kimya, kwa hivyo ingia kwa mipangilio ya huo mtandao uwashe "Metered connection" ndio isikukaushe.

Draiva yenyewe itoe kwa tovuti ya kampuni ya lapi, yaani HP, Lenovo, Dell, yoyote ile. Geuza lapi uangalie chini, kuna stika ya modeli na namba yake. Kama imefutika, na kwa ex-UK hufutika, andika "msinfo32" kwa ile sehemu ya kutafuta, itakupa modeli kamili. Kama kampuni imeweka draiva za Windows 10 peke yake, jaribu hizo. Nyingi hufanya kazi kwa 11.

Hujui hata kadi yako ni ya nani? Kuna ujanja mmoja. Kwa dirisha la kifaa ingia "Details", chagua "Hardware Ids". Utaona mstari mrefu wenye VEN na herufi nne. 8086 ni Intel. 10EC ni Realtek. 14E4 ni Broadcom. Kwa upande wa skrini, 10DE ni NVIDIA na 1002 ni AMD. Sasa unajua unatafuta nini, na hakuna mtu atakuuzia draiva ya mbuzi kwa ng'ombe.

Kitu moja nakuomba kama ndugu: zile programu zinakuambia zitaskani na kuapdeti draiva zako zote kwa mbofyo mmoja, achana nazo. Zile za matangazo ya kumeta. Bora kabisa zitakuomba kadi ya benki, mbaya zaidi zitakuletea wageni. Windows yenyewe iko na sehemu yake. Enda "Windows Update", halafu "Advanced options", halafu "Optional updates". Draiva ziko hapo, bure.

Sauti ina vituko vyake. Kabla uguse draiva, bonyeza alama ya spika pale chini uone sauti inaelekezwa wapi. Baada ya apdeti mara ingine inaamua kucheza kupitia monita ambayo haina spika, na wewe unakaa hapo unaongeza volume ya hewa. Kama ni draiva kweli, ingia "Update driver", chagua kutafuta kwa kompyuta yako, halafu uchague mwenyewe kwa orodha. Hapo weka ile inaitwa "High Definition Audio Device". Ni ya kawaida, haina mbwembwe za besi, lakini utasikia.

Printa, ngoja nisikudanganye, printa ni shetani tofauti. Itoe, iongeze upya, na kama foleni imeganda ingia "services.msc" uanzishe upya "Print Spooler". Wenye saiba wanajua hii kwa kichwa.

Tuje kwa wale wa skrini nyeusi ama ile bluu, ama bluu iliyogeuka nyeusi siku hizi kwa Windows 11. Kama ni nyeusi lakini unasikia lapi inanguruma, finya Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Inaanzisha upya draiva ya skrini. Ikilia kamlio kafupi na picha irudi, umejua mwizi ni nani.

Kama haifiki hata pale pa kuingia, iwashe halafu uikate kwa kushikilia kitufe cha kuwasha, mara mbili tatu hivi, itaelewa iko na shida na itafungua ukurasa wa kujirekebisha. Hapo fuata "Troubleshoot", "Advanced options". Kuna "Uninstall Updates" ya kutoa ile apdeti ya mwisho, na kuna "Startup Settings" ambapo ukibonyeza 4 unaingia kwa hali salama, Windows ikiwa na draiva chache tu za lazima. Ukiwa ndani, rudi "Device Manager" ufanye yale tumesema.

Tahadhari kubwa iko hapa. Lapi nyingi za siku hizi zimefungwa na BitLocker hata kama wewe hukuiweka, hasa kama uliingia na akaunti ya Microsoft wakati wa kuianzisha. Ukiingia huku nyuma inaweza kukuomba ufunguo wa namba 48. Huo ufunguo uko kwa akaunti yako, unaufungua kwa simu kupitia aka.ms/myrecoverykey. Kama umesahau hata akaunti, kila kitu kilichomo kinaweza kwenda hivyo. Kwa hivyo kama lapi yako inawaka vizuri leo, fungua hiyo anwani leo, uandike hizo namba kwa karatasi. Si kwa lapi hiyo hiyo, tafadhali.

Na usifikirie hii ngori ni ya watu wa lapi za mitumba peke yao. Tarehe 19 Julai 2024, kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilisukuma faili mbovu kwa programu yake inayokaa ndani kabisa kama draiva. Microsoft ilisema mashine kama milioni 8.5 ziliathirika. Ndege zikakwama, hospitali na benki zikakwama, nchi baada ya nchi. Dawa ilikuwa nini? Mtu aende kwa kila mashine, aingie hali salama, afute faili moja, awashe tena. Wataalamu wa mishahara minono wakifanya kitu ile ile wewe unafanya saa hii kwa meza ya jikoni. Na Oktoba 2025, apdeti moja ya Windows 11 ilifanya kibodi na mausi za USB zikatae kufanya kazi ndani ya ule ukurasa wa kujirekebisha. Yaani umefika hospitali, mlango hauna kitasa. Microsoft ikatoa marekebisho ya dharura tarehe 20 mwezi huo huo.

Kama ulipanda toleo zima, mfano kutoka 10 kwenda 11, una siku 10 za kujuta. Enda "System", "Recovery", utaona "Go back". Zikiisha, Windows inafuta ya zamani na hakuna kurudi bila kuanza upya. Apdeti ndogo ya kila mwezi nayo unaitoa kwa "Update history", chini kuna "Uninstall updates". Ukiitoa, simamisha apdeti kwa wiki chache, kuna "Pause" pale pale, la sivyo itajirudisha usiku huo huo. Lakini usizime milele. Hizo apdeti ndizo zinaziba matundu ya wezi.

Sasa, utajuaje kama fundi anasema ukweli na kadi kweli imekufa? Hii ndio napenda. Tafuta flashi ya GB 8 hivi, weka Ubuntu ndani kwa kompyuta ya rafiki, washa lapi kutoka kwa hiyo flashi na uchague kuijaribu tu bila kuiweka. Haigusi kitu kwa diski yako. Inakuja na draiva zake. Waifai ikishika humo ndani, chuma ni kizima, na yeyote anayetaka thao mbili na nusu ya kadi anakula na wewe. Isiposhika, hapo kuna uwezekano kweli kadi imeenda, ingawa kadi zingine za Broadcom huringa kwa Ubuntu hata zikiwa nzima, kwa hivyo cheki ile VEN yako kwanza. Na hata kama kadi imekufa, kuna vikadi vya waifai vya kuchomeka kwa USB, na hakuna haja ya kufomati kitu. Fundi akitaja kufomati kabla hajafungua "Device Manager", chukua lapi yako pole pole, sema utarudi.

Ya mwisho ni ya kufanya wakati kila kitu kiko sawa. Tengeneza foda kwa flashi, tuseme flashi ni D na foda inaitwa draiva. Bonyeza Windows na X, fungua ile "Terminal" yenye neno "Admin", uandike hivi: pnputil /export-driver * D:\draiva halafu ubonyeze Enter. Itakopi draiva zote ulizoongezewa nje ya zile za Windows yenyewe, moja moja, ukiziona zikipita. Siku apdeti ikikuchezea, unachomeka flashi, unaandika pnputil /add-driver D:\draiva\*.inf /subdirs /install na zinarudi bila hata MB moja ya bando. Ya mdogo wangu iko kwa droo yangu, kwa bahasha, pamoja na zile namba 48.